Kiti cha Simba na Tiketi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 30 Juni 2003

Nimepata cheo! Asubuhi nilikuwa Josphat tu, mwenye duka la fotokopi na kupiga chapa hapa mjini Machakos. Jioni hii mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Bahati Nasibu. Nilienda mkutano wa wazazi shuleni kwa sababu Mwongeli, mke wangu, alininyima chai mpaka nikubali. Katikati ya mkutano nikasimama kunyoosha mgongo. Mwalimu mkuu akadhani najitolea. Wakapiga makofi. Ningefanya nini? Niliinama kidogo, kama watu wa vyeo.

Shida yenyewe ni hii. Darasa la sanaa liliezuliwa na upepo mwezi wa Aprili. Kuta ziko, paa hakuna. Mwalimu Wayua, anayewafundisha watoto kuchonga, kufinyanga na kusuka, anafundisha chini ya mawingu. Kwa baridi hii udongo haukauki na watoto wanakohoa. Binti yetu Mutheu ni mmoja wao. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba sanaa siku hizi haiko kwenye mtihani. Paa lisipopatikana kabla ya kufunga muhula, kuta zile atazifanya ghala la mahindi na maharagwe, na masomo ya sanaa yataishia hapo.

Mwalimu Wayua hakulia. Alikunja mkono wa sweta, akaukunjua, akaukunja tena. Niliumia moyo kweli, karibu dakika nzima.

Kisha akaeleza kwamba mafundi wamekubali kutengeneza kitu kimoja kizuri, kichezewe bahati nasibu. Reuben akadakia kwamba tiketi zichapwe kwangu, bure. Reuben ana kinu cha kusaga unga, na hajawahi kusaga hata kikombe kimoja bure. Wamemchagua mweka hazina. Pole yao.

Jumatano, 2 Julai

Nimekiona! Sijui nianzie wapi.

Ni kiti. Kiti! Fundi Henry amekichonga kwa mti wa mukau, ule usioogopa mchwa. Mikono yake miwili ni simba wawili, wamelala, wamefumba macho, wameshiba. Mahali pa kukalia, kina mama wa kikundi cha ususi wamesuka mkonge kwa rangi za kiondo, kikapu chetu cha Ukambani: zambarau, kahawia na nyeusi. Fundi Henry alikuwa akikisugua kwa msasa huku anaimba. Nikamwuliza kama naweza kukikalia. Akasema hapana, mafuta hayajakauka. Hata kunikatalia alinikatalia kwa heshima, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na kiti kile.

Dukani mimi hukalia kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Wateja huingia, hunitazama, halafu huniuliza mwenyewe yuko wapi. Miaka sita sasa! Nikiwa juu ya simba wawili, nani ataniuliza?

Kiti hiki ni changu. Bado tu hakijajua.

Alhamisi, 3 Julai

Siku ya kuuza tiketi. Nilienda Athi River, nikasimama nje ya lango la viwanda vya EPZ saa wafanyakazi wa kushona nguo wanapotoka. Watu wengi kama siafu! Nilijua nitamaliza kitabu kizima. Wakataka kukiona kiti. Sikuwa na picha, hivyo nikawachorea nyuma ya bahasha. Kijana mmoja akaangalia mchoro wangu, akawaita wenzake. "Niaje mzee, hii mbwa inauzwa na hiyo kibanda yake?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikuuza hata moja. Ndiyo maana nasema nchi hii inahitaji masomo ya sanaa.

Nikarudi mjini, nikaingia kwa Abdiwahab, anayeuza vitambaa mbele na kununua mbuzi nyuma. Akanikaribisha chai ya maziwa, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu akasema hapana. Dini yake haimruhusu bahati nasibu, ni kamari. Nikajiandaa kuondoka. Akafungua droo, akatoa mchango mzuri kuliko wa mtu yeyote mpaka leo, akasema ni wa paa la watoto. Nikamkatia tiketi. Akanirudishia. Nikaisukuma tena mbele yake. Akairudisha tena, akicheka, akaniambia, "Josphat, mimi nataka watoto wasinyeshewe. Kiti niko nayo."

Anatoa na hataki chochote! Namhurumia. Biashara haiendeshwi hivyo.

Jumapili, 6 Julai

Nimeudhika. Nimeudhika kabisa.

Baada ya kanisa nilipita karakana ya Fundi Henry kukisalimia kiti. Nikamkuta nani? Reuben! Amekikalia! Amekikalia na suruali ya vumbi la unga, mikono yote miwili juu ya vichwa vya simba. Mafuta yamekauka, alisema, akaongeza kwamba kimemkaa kiunoni kana kwamba alipimwa. Amenunua tiketi rundo zima. Mweka hazina ananunua tiketi mwenyewe! Anataka kukiweka pale kinuni, akae akihesabu magunia. Simba wale wapigwe na vumbi la mahindi mchana kutwa! Kweli nyani haoni kundule. Mtu mwenye tamaa kama ile hapaswi kuachiwa kiti cha watoto.

Kwa hiyo ni wajibu wangu kukiokoa. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya sanaa.

Tatizo: mwenyekiti hawezi kushinda bahati nasibu yake mwenyewe. Watu wana midomo. Mke wa mwenyekiti vilevile. Lazima nipate jina la mtu ambaye hakuna kiumbe atakayemhusisha nami.

Jumanne, 8 Julai

Nimelipata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata kwa furaha.

Mama mkwe!

Kwetu Ukambani kuna nthoni, yaani ile heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Simsalimii kwa mkono. Nikimwona njiani, mmoja wetu hupinda. Kitu nikitaka kumwambia, hupitia kwa Mwongeli, hata tukiwa tumesimama ua mmoja. Na kitanda chake au kiti chake sikigusi. Sasa niambieni, nani duniani atawaza kwamba mtu amefanya hila kumshindia mama mkwe? Hakuna! Wazo kama hili haliwezi kuingia kichwa cha Mkamba yeyote. Ndiyo uzuri wake.

Mpango uko hivi. Mama mkwe, Wanza wa Kyumbi, anauza nyanya pale njia panda. Nyumba yake ina mlango mwembamba. Mama mkwe atashinda, kiti kitafika Kyumbi, kitakwama mlangoni. Mwongeli atasema basi kikae kwetu kwa muda. Kwetu ni dukani. Muda ni milele.

Nilimweleza Mwongeli nusu tu: kwamba nimemnunulia mama yake tiketi kama zawadi. Akaacha kukuna nazi. Akaniuliza naumwa wapi. Halafu akaniuliza, kwa kupita tu, kama mama akishinda nakumbuka kwamba kiti cha mama mkwe hakikaliwi na mkwe. Nimelifikiria jambo hilo kwa makini. Nthoni inahusu kiti alichokikalia. Hiki hatakikalia. Ana magoti mabaya, na Jumamosi, siku ya kuchota, kutakuwa na baridi. Hatatoka Kyumbi.

Akili ni mali.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefunga duka mapema, nikafanya kazi ya mikono yangu. Vipande vyote vya tiketi vilivyokuwa kwenye kiondo cha kuchotea, ninachokitunza mimi kama mwenyekiti, nimevitoa. Nimepiga chapa vipya, nikavitoa kopi, nikavikata kwa mkasi, nikavikunja. Kila kimoja kimeandikwa: Namba 77, Wanza, Kyumbi. Kila kimoja! Achote diwani, mgeni wetu wa kesho, achote kipofu, achote Reuben mwenyewe, ni mama mkwe tu. Wengine wangeweka viwili vitatu katikati ya vingine na kutumaini. Mimi sitegemei bahati.

Mwongeli amerudi kutoka Kyumbi. Anasema mama yake alipopokea tiketi aliifunga kwenye pindo la leso, akasema kwamba tangu binti yake aolewe hajawahi kuona heshima kama hiyo kutoka kwangu. Nilikohoa kidogo. Vumbi la karatasi.

Mabati yangu mapya nimeyapanga vizuri nyuma ya duka. Wiki ijayo fundi anakuja kuniezekea baraza mbele ya duka. Kiti cha simba, baraza la bati, na mimi katikati.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika polepole.

Uwanja wa shule ulijaa. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Kiti kilikuwa juu ya meza mbili, kinang'aa. Watoto wa Mwalimu Wayua walikuwa wamepanga vyungu na vinyago vyao ndani ya zile kuta zisizo na paa, kila kitu kimefunikwa karatasi za nailoni. Mutheu alikuwa amekishika kinyago chake kifuani kisiloane. Nikajiambia, vumilia mwanangu, baba yako ana mpango.

Halafu nikasikia nyimbo. Kikundi cha kina mama kutoka Kyumbi, kimekodi pikapu. Mbele yao, magoti mabaya na yote, mama mkwe! Nikapinda nyuma ya mwalimu mkuu. Nikaona si neno. Aliyekuja si lazima akae.

Diwani akachota. Akasoma: "Namba sabini na saba! Wanza, Kyumbi!" Vigelegele! Kina mama wakampandisha mbele wakicheza. Na kabla sijavuta pumzi, wakakishusha kiti, wakamkalisha.

Amekikalia. Mbele ya watu wote. Alijiegemeza kabisa.

Niliona giza. Lakini mtu wa mipango hafi mapema. Hapo mama mkwe alisimama akasema, "Mimi ni mtu ya harambee. Kitu ya watoto haibebwi mara ya kwanza. Narudisha!" Mnajua desturi: ukinunua jogoo wa mnada wa harambee unamrudisha, anauzwa tena, mchango unakua. Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa kila mwenye tiketi aongeze kidogo kwenye karai ndipo tiketi yake iendelee kuwa hai, halafu kipande kichotwe tena. Karai likazunguka. Likajaa! Mwalimu Wayua alikuwa anacheka, mikono mashavuni. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipokumbuka kilichomo kwenye kiondo.

Diwani akachota. "Namba sabini na saba. Wanza... Kyumbi?"

Kicheko. Watu wakasema mama ana nyota. Mama mkwe akarudisha tena. Karai likazunguka tena. Nikajaribu kusema mvua inaongezeka, tuahirishe. Hakuna aliyenisikia. Nikajaribu kukiangusha kiondo kwa kiwiko. Fundi Henry akakidaka, akanishukuru kwa kuwa nami nimejitahidi kukidaka.

Diwani akachota mara ya tatu. Hakusoma kwa sauti. Alimwonyesha mwalimu mkuu.

Manyunyu yakagonga nailoni. Na Reuben akasimama. "Hiyo kiondo imwagwe chini! Imwagwe tuone nini iko ndani!" Watu wakaanza kunung'unika. Mwingine akasema hata michango irudishwe. Nilimwona Mwalimu Wayua akikunja mkono wa sweta. Niliwaza kuhama Machakos. Kuna binamu yangu kule Kinanie.

Mama mkwe akanyoosha mkono kwa diwani kama anayetaka kusaidia. Akachukua kiondo. Akaingiza vidole, akafungua kipande kimoja, akakisoma. Akafungua cha pili. Akanitafuta kwa macho nyuma ya mwalimu mkuu, akanipata. Miaka kumi na mitatu ya ndoa na hatujawahi kutazamana. Sasa tumetazamana. Sitaki tena.

Akarudi kwenye kiti cha simba. Akakaa. Akakipakata kiondo mapajani, akakifunika kwa leso. Reuben akasogea hatua mbili, akasimama. Nani atamnyang'anya mwanamke mzee kiondo mapajani mwake? Hata Reuben ana mama.

Akamwita mke wangu, na ijapokuwa nilikuwa karibu vya kutosha kusikia akihema, alifuata desturi.

"Mwongeli. Ambia bwana yako mimi niko na furaha. Ambia yeye hii kiti imekataa mara tatu kutoka kwa mkono yangu, sasa nampea Mwalimu Wayua, ikae ndani ya hii darasa. Na ambia yeye, hizo mabati ako nazo nyuma ya duka, mama ameziota. Ziko juu ya hizi kuta."

Mwongeli akanigeukia. Akanirudishia yote, neno kwa neno, na alipofika kwenye mabati akatazama mawingu. Sasa najua nani alimsaidia mama yake kuota.

Uwanja mzima ulinigeukia. Mkwe amwambie mama mkwe hapana? Mbele ya ukoo, kanisa na diwani? Nikamwambia Mwongeli amwambie mama kwamba nilikuwa karibu kulitangaza jambo hilo mimi mwenyewe. Vigelegele! Walinibeba juu! Mwalimu Wayua alinishika mikono yote miwili akalia, ndiyo, safari hii alilia. Mutheu alinikumbatia na kinyago chake kikanichoma mbavuni.

Na kiondo? Mama mkwe aliagiza karatasi zilizomo ziwashe moto wa chai, kuni zilikuwa zimeloa. Ziliwaka vizuri. Reuben alikunywa vikombe viwili.

Jumapili, 13 Julai

Mabati yamekwenda. Yote. Nilibaki nimesimama nyuma ya duka naangalia majani ya njano yaliyokuwa chini yake.

Pasta alinitaja mimbarini. Alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, kama ndugu Josphat. Watu waligeuka kunitazama. Nilinyoosha kola. Reuben alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani kwa aibu.

Mwongeli hajaniambia neno lolote kuhusu vipande vya karatasi. Leo amepika kuku. Ameniwekea paja, akakaa mbele yangu, akanitazama nikila, akacheka peke yake mpaka akafuta machozi na kanga. Nikamwuliza nini. Akasema hakuna. Wanawake huficha fahari yao kwa namna ya ajabu.

Jumanne, 22 Julai

Leo darasa limefunguliwa. Fundi Henry na wazazi wengine wameezeka wiki nzima. Michango ya karai imenunua misumari, patasi, rangi na udongo mzuri. Mvua ilinyesha asubuhi, mvua ya kweli. Watoto wakanyamaza wote kuisikiliza ikigonga bati. Kisha wakaendelea na kazi. Nilikuwa mlangoni. Nilifurahi, lazima niseme hivyo. Mwalimu Wayua alinikaribisha nikalie kile kiti, kwa heshima. Nikamwambia napenda kusimama. Simba wale walikuwa wamefumba macho yao.

Mwalimu mkuu naye amefurahi. Ameomba kamati iandae bahati nasibu nyingine mwezi wa Septemba, ya tanuri la kuchomea vyungu, na mwenyekiti awe mimi tena. Kwa kauli moja! Fundi Henry atachonga meza safari hii. Meza ya mukau, miguu minne ya chui. Nimeifikiria pale dukani, karatasi zangu juu yake, kalamu kando. Mtu mwenye meza kama ile haulizwi mwenyewe yuko wapi.

Nimetafakari sana yaliyopita, kwa unyofu, kama inavyompasa kiongozi. Hila yenyewe haikuwa na kasoro hata moja. Kila kipande kilisema nilichotaka kiseme. Kosa lilikuwa jina. Mama mkwe ni mtu wa karibu mno. Nilihitaji mtu wa mbali, mzito, ambaye hata Reuben hatathubutu kudai kiondo kimwagwe mbele yake.

Mgeni wa heshima wa Septemba amekwisha kualikwa, na amekubali kuchota tiketi kwa mkono wake mwenyewe. Ni mkuu mpya wa kituo cha polisi. Jioni hii nimevipiga chapa vipande vyote, nikavitoa kopi na kuvikata, na kila kimoja kina jina lake.